Kuta, Mti na Sanamu katika Bonde la Pangani

Nimezaliwa na kukulia Korogwe, katika bonde la Mto Pangani, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimefundisha somo la historia katika shule za sekondari. Likizo zangu nyingi nimezitumia kulitembelea bonde hili kipande kwa kipande, nikitazama nyumba kuukuu, makaburi, stesheni, mabwawa na miti mikubwa ambayo wazee huipa majina. Wenzangu walikuwa wakinitania kwamba mwalimu anakwenda kuhesabu magofu. Hawakuwa mbali na ukweli. Nimeyahesabu magofu mengi, na kila nilipoyahesabu nilijikuta nikirudia swali moja: jengo hili linamkumbuka nani? Aliyelimiliki, aliyelijenga, au aliyefia humo ndani?

Swali hilo ndilo ninalotaka kulizungumza hapa. Si swali la wataalamu wa mambo ya kale peke yao. Ni swali la kila mtu ambaye mjini kwake kuna ukuta mmoja unaobomoka, naye hajui kama ausikitikie au auache uanguke.

Msomaji asiyelijua bonde hili na alielewe kwa ufupi. Maji yake huteremka kutoka mlima Kilimanjaro na mlima Meru. Mto Kikuletwa na Mto Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ndipo Mto Pangani wenyewe huanza safari, ukiiacha milima ya Upare na Usambara upande wa kaskazini, ukapita Korogwe, ukaporomoka katika maporomoko ya karibu na Hale, na hatimaye ukaingia Bahari ya Hindi kwenye mji unaoitwa kwa jina lake. Katika karne ya 19 njia ya misafara ya biashara ilianza mlangoni mwa mto, ikapanda bonde hadi Uchagani na mbele zaidi. Nami nitafuata njia hiyo ya misafara, kutoka baharini kwenda mlimani.

Mji wa Pangani umekaa ukingo wa kaskazini wa mto, na ng'ambo ya pili ni Bweni. Ukitembea katika mtaa wake wa zamani utaona nyumba za aina mbili zikiwa bega kwa bega. Ziko nyumba za mawe za Waarabu na Waswahili, zenye kuta nene, baraza mbele na milango ya kuchonga. Na ziko nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, duka chini na makazi juu, zenye roshani za mbao. Kubwa kuliko zote ni Boma, ambalo kwa kawaida hutajwa kuwa lilijengwa mnamo mwaka 1810 kama nyumba ya mtu mmoja tajiri, kisha likatumika kuwa ofisi ya serikali wakati wa Wajerumani, wakati wa Waingereza na baada ya uhuru.

Inafaa kueleza jinsi nyumba hizi zilivyojengwa, kwa sababu katika ujenzi wenyewe mna historia. Jiwe lake ni matumbawe, yaliyochimbwa pwani. Matumbawe hayohayo huchomwa kwa kuni katika tanuu yakawa chokaa, na chokaa ikichanganywa na mchanga na udongo mwekundu ndiyo inayoshika mawe pamoja. Boriti za dari ni za mikoko iliyokatwa kwenye mlango wa mto. Mkoko ni mgumu, mchwa hauwezi, lakini haurefuki sana ukiwa umenyooka; kwa hiyo chumba cha nyumba ya mawe ya pwani ni kirefu lakini chembamba, upana wake ni ule ambao boriti moja inaweza kuuvuka, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Mtu akiwa tajiri kiasi gani, sebule yake haikuwa pana kuliko mkoko. Alichoweza kuongeza ni idadi ya vyumba, unene wa kuta, zidaka za kuwekea vyombo vya Kichina, na uzuri wa mlango.

Fundi mmoja mzee wa mji huo, aliyekuwa akitengeneza kibaraza cha jirani yake, alinieleza kwa nini nyumba hizi zinakufa. "Mwalimu," aliniambia, "nyumba ya chokaa inakufa kuanzia kichwani. Paa likitoboka tu, umeshaipoteza." Mvua ikiingia juu ya ukuta, maji huosha udongo na chokaa kutoka ndani, jiwe likabaki halina wa kulishika, ukuta ukatumbuka. Nilimuuliza kuhusu nyumba ambazo zimepigwa lipu ya saruji. Akacheka. "Hizo ndizo zinazokufa upesi zaidi. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Maji yaliyoingia yanakosa pa kutokea, yanakaa ndani yakila." Sote tunaijua methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Pangani nilijifunza kwamba hata kuziba ufa kuna namna yake, na aliyeuziba kwa saruji huenda ameuharakisha ukuta kuanguka.

Mikono iliyobeba mawe hayo ilikuwa ya nani? Hapa ndipo uzuri wa milango unapoingia doa. Pangani ulikuwa mji wa pembe za ndovu na wa watumwa. Misafara ilipanda bonde na nguo, shanga, bunduki na baruti, ikateremka na pembe na watu waliofungwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, biashara haikufa siku hiyo. Mateka wengi walibakizwa hapohapo bara, wakatiwa katika mashamba ya miwa yaliyokuwa kandokando ya mto, ambako sukari ilikuwa ikipikwa. Katika mwaka huohuo wa 1873 watumwa wa Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto, waliasi na kuwatoroka mabwana zao. Hakuna jiwe la kumbukumbu yao. Mjini Pangani husimuliwa kwamba chini ya nguzo za Boma walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo liwe na nguvu. Hayo ni masimulizi, na mimi siyaleti hapa kama ushahidi wa mahakamani. Lakini naona masimulizi yale yanasema kweli kwa njia yake: watu wa mji walikataa kuitazama nyumba kubwa bila kuwataja waliokuwa chini yake.

Nimepata kusikia kijana mmoja, mwenye elimu nzuri, akisema kwamba ikiwa nyumba hizi ni za wenye watumwa, basi na ziporomoke, sisi tuna hasara gani. Niliyaheshimu maneno yake, maana yametoka penye uchungu. Hata hivyo sikukubaliana naye. Aliyeimiliki nyumba alikwisha kufa na fedha zake zimekwisha kutawanyika. Kuanguka kwa nyumba hakumwadhibu. Lakini yule aliyechimba matumbawe, akachoma chokaa na kuitwika boriti kutoka kwenye matope ya mikoko, hakuacha kaburi lenye jina, hakuacha hati, hakuacha mlango. Kazi yake ile ya mikono ndiyo alama pekee aliyoiacha duniani. Tukiuacha ukuta uanguke, tunayempoteza ni yeye.

Sheria yetu nayo ina mipaka yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na kwa milango ya kuchonga imeweka mwaka 1940. Maana yake ni kwamba nyumba iliyojengwa, tuseme, mwaka 1880 hailindwi na sheria kwa umri wake, mpaka itangazwe rasmi, ingawa mlango wake unalindwa. Nimeona nyumba ambazo zimebaki kuwa mlango mzuri uliosimama mbele ya vichaka. Na katika miaka ya 2020 ujenzi wa barabara ya lami ya pwani na wa daraja la kuvuka kwenda Bweni umeanza kuleta wanunuzi wa viwanja. Barabara ni neema, na watu wa Pangani waliingoja muda mrefu. Lakini kiwanja kikipanda bei, gofu lililo juu yake hushuka thamani.

Katika mji huohuo kuna jambo jingine ambalo halina jengo. Mwezi Agosti 1888, kwa mujibu wa mkataba uliofanywa na Sultani Khalifa, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuitwaa mitaa ya pwani, na wakala wake mjini Pangani, Emil von Zelewski, akalazimisha bendera ya kampuni ipandishwe. Watu wa mji walikataa. Upinzani ule ulipata kiongozi katika Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye mwenyewe alikuwa mwenye shamba la miwa karibu na Pangani. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann na askari wa kukodiwa kutoka Sudan na Msumbiji. Mwezi Julai 1889 Wissmann aliuteka mji wa Pangani, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa hapohapo Pangani. Msomaji na alishike jina la Wissmann, maana tutakutana naye tena juu mlimani, na mara ya tatu akiwa wa shaba.

Abushiri si mtu rahisi kumweka juu ya jukwaa la mawe. Alipigania nchi isitwaliwe na wageni, naye alikuwa akilimisha watumwa. Wanafunzi wangu walipenda kuniuliza: basi alikuwa mwema au mbaya? Nilikuwa nikiwajibu kwamba historia haigawi vyeti. Abushiri alikuwa na yote mawili, na ukimtengenezea sanamu yenye moja tu, umetengeneza mtu mwingine.

Nivuke sasa ng'ambo hadi Kikogwe. Mahali hapohapo walipoasi watumwa mwaka 1873 ndipo mwaka 1893 ilipopandwa mikonge ya kwanza ya nchi yetu. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Kutokana na miche hiyo 62 bonde zima na sehemu kubwa ya nchi vilifunikwa na mikonge, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na hakuna nchi duniani iliyoizidi. Ukisafiri kutoka Pangani kwenda Korogwe na Mombo utaona alama za enzi hiyo: nyumba ya meneja juu ya kilima yenye veranda pana, korona ya kusindika mkonge penye maji, na mistari ya kambi za manamba chini kabisa. Hata asiyejua kusoma huweza kuisoma ramani hiyo. Aliyekuwa juu alikuwa juu, na aliyekuwa chini alikuwa chini. Nyumba za juu mara nyingi zimesalia. Kambi za chini, zilizojengwa kwa bei ya chini, zimekwisha.

Mbele ya Mombo ni Mazinde. Baada ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Usambaa, kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja hakujali kukaa Vuga juu milimani ambako ndiko kulikuwa na heshima ya ufalme. Aliweka makao yake Mazinde, chini tambarare, kwenye njia ya misafara, kwa sababu nguvu mpya ilikuwa ni bunduki, na bunduki zilipita chini. Ufalme uliokuwa umejengwa juu ya mvua na matambiko ulishindwa na ufalme wa baruti. Leo mpitanjia wa basi hupita Mazinde bila kugeuza shingo. Lakini kwangu mimi hapo ni mahali muhimu katika bonde zima, maana panaonyesha kwamba uharibifu haukuletwa na wageni peke yao. Milango mizuri ya Pangani ililipiwa huku juu, na watawala wetu wenyewe walikuwa miongoni mwa wauzaji.

Sambamba na njia ya misafara ilikuja reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Miaka kumi na minane kwa safari ya kilomita mia tatu na hamsini hivi! Stesheni zake ndogo za mawe na bati zilikuwa sehemu ya utoto wangu, na mwezi Desemba 2019 treni ya abiria iliporudi hadi Moshi baada ya kukosekana kwa miaka mingi, nilikwenda stesheni kama watu wengine, si kwa safari bali kwa kuitazama tu. Jengo lililorudishiwa kazi yake halihitaji mlinzi. Hiyo ndiyo hifadhi bora kuliko zote.

Juu zaidi, bonde linapofunguka, lipo bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 1960. Huona ajabu kwamba "nyumba" iliyo kubwa kuliko zote bondeni ni ya maji, na haina ukuta ila mmoja. Wavuvi wametoka pande nyingi wakaishi kandokando yake, na maji yake huzungusha mitambo ya umeme hapo bwawani, kisha Hale, kisha kwenye maporomoko ya Pangani. Halina mchoro wala sanamu, lakini ukimuuliza mtu wa huko alama ya nchi yao atakuonyesha bwawa.

Sasa tumefika mlimani. Old Moshi ilikuwa makao ya Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Rindi alifanya biashara na watu wa pwani, aliuza mateka, na mwaka 1889 alituma wajumbe hadi Berlin kumwona mfalme wa Wajerumani. Alitegemea wageni wamsaidie dhidi ya mpinzani wake, Mangi Sina wa Kibosho, aliyekuwa na ngome yenye kuta imara za mawe. Mwezi Februari 1891 Wissmann, yuleyule wa Pangani, alipanda Kibosho na kuivunja nguvu ya Sina. Basi mtu mmoja aliufunga mto huu kwenye ncha zote mbili, mlangoni mwaka 1889 na chimbukoni mwaka 1891.

Rindi alifariki mwaka huohuo wa 1891, na kiti kikashikwa na mwanawe Meli, aliyekuwa kijana. Mwezi Juni 1892 Meli alipigana na Wajerumani na kuwashinda. Kamanda wao, von Bülow, aliuawa. Mwaka uliofuata walirudi na jeshi kubwa zaidi chini ya Gavana von Schele, wakamshinda, wakajenga boma lao hapohapo Old Moshi. Meli aliendelea kuwa Mangi chini yao, mpaka alipotuhumiwa, na fitina baina ya watawala wenyewe zikiwamo, kwamba anapanga uasi. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa pamoja na wenzake, jumla watu 19, wakiwamo Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Walinyongwa juu ya mti mahali panapoitwa Tsudunyi. Reli ilipofika, mji mpya uliota chini tambarare, jina la Moshi likateremka nao, na huku juu pakabaki kuitwa Old Moshi.

Mti ule bado upo. Nimekwenda kuutazama zaidi ya mara moja. Kwa zaidi ya miaka mia moja ndio uliokuwa mnara wa Meli, na hakuna fundi aliyeujenga wala serikali iliyoulipia. Wazee waliwaonyesha watoto, watoto wakakua wakawaonyesha wajukuu. Sisi watu wa bonde hili tangu zamani tumekumbuka kwa mti, kwa kaburi, kwa kivuko cha mto, kwa jina la mtoto. Mti una udhaifu wake, maana unaweza kuanguka usiku mmoja. Lakini una ubora ambao jiwe halina: hauwezi kukumbusha chochote usipokuwapo mtu wa kusimulia. Aliyesimama chini yake bila mwenyeji ataona kivuli tu.

Wissmann yeye alipata shaba. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamishia sanamu Dar es Salaam: yeye juu akitazama mbele, na chini yake askari Mwafrika akimtazama yeye, na simba aliyekufa. Waingereza walipoishika nchi waliing'oa, wakaichukua kama ngawira, na baadaye ikarudishwa Ujerumani. Mwaka 1922 ilisimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu. Mahali ilipokuwa Dar es Salaam, Waingereza waliweka mwaka 1927 Sanamu ya Askari ambayo sote tunaijua. Huko Hamburg Wissmann alisimama mpaka wanafunzi walipoiangusha sanamu hiyo mwaka 1967. Ikasimamishwa tena, nao wakaiangusha tena mwaka 1968. Haikurudishwa mahali pake, ikatiwa ghalani. Vijana wa Kijerumani, katika mji wa mbali na Pangani na Kibosho, ndio waliokikataa kile ambacho babu zao walikiinua. Shaba inayoonekana kuwa ya milele ilisimama miaka 13 Dar es Salaam kwa hesabu kubwa kabisa, na 46 Hamburg. Mti wa Tsudunyi umeishinda zote mbili.

Lakini habari ya Meli haikuishia mtini. Wazee wa Old Moshi wamesimulia siku zote kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Si jambo la ajabu kwa zama zile. Makumbusho ya Berlin yalikuwa yakikusanya mafuvu ya watu kutoka makoloni, kwa elimu ya uongo ya kupima vichwa na kupanga watu kwa daraja. Uzao wa Meli uliendelea kuuliza kwa miaka mingi kichwa cha babu yao kiko wapi. Hatimaye taasisi ya makumbusho ya Berlin ilichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, na mwezi Septemba 2023 ikatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimelinganisha mafuvu matatu na ndugu walio hai wa Kilimanjaro. Moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na lilikuwa la mtu aliyekuwa mshauri wa karibu wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwa miongoni mwao.

Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Nilimfikiria yule Akida, ambaye hata jina lake halikuandikwa kwenye fuvu lake, ameandikiwa cheo tu, kama boksi linavyoandikiwa kilichomo. Zaidi ya miaka mia moja alikuwa kwenye rafu, na wakati huohuo nyumbani kwake watoto walizaliwa, wakafunzwa ukoo wao, wakafikia wa kumtaja wanapaacha wazi.

Karibu na mti wa Tsudunyi sasa ipo sanamu ya Mangi Meli, nayo ni ya kichwa na mabega. Mafundi wa sanamu duniani kote hutengeneza za namna hiyo, wala si jambo la kushangaza. Lakini mbele ya sanamu hii mtu hawezi kuepuka kufikiri. Watu wake wamemtengenezea kwa mikono yao kitu kilekile alichopokonywa. Sijaona sanamu nyingine ambayo umbo lake la kawaida limebeba maana nzito kiasi hicho. Na haikuwekwa mahali pa mti. Imewekwa penye mti. Naona hapo pana busara. Jiwe limemsaidia msimulizi, halikuja kumfukuza.

Kwa hiyo nikirudi kwenye lile swali la jengo linamkumbuka nani, jibu nililolipata katika miaka yote hii ya kupanda na kushuka bondeni ni kwamba jengo halimkumbuki mtu yeyote. Ukuta haukumbuki, shaba haikumbuki. Wissmann alikuwa na shaba, lakini walipokosekana watu wa kuitaka habari yake aliishia ghalani. Meli hakuwa na kitu ila mti na vinywa vya watu, naye amedumu. Kinachokumbuka ni watu, na majengo kazi yake ni kuwapa watu mahali pa kusimama wanaposimulia.

Ndiyo maana nauogopa ukimya wa Pangani kuliko mvua yake. Paa likitoboka, fundi mwenye chokaa anaweza kuliwahi, na chokaa bado inachomwa. Lakini mtu akinunua gofu la mawe, akalitia rangi nyeupe, akaweka vitanda vya wageni na picha ya mlango wa kuchonga, bila neno hata moja juu ya waliochimba mawe yake, nyumba itakuwa imepona na watu wake watakuwa wamekufa mara ya pili. Mjini Moshi lipo jengo kubwa la chama cha ushirika cha KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, na kila mzee wa mlimani anaweza kukuambia kwamba limejengwa kwa kahawa ya wakulima. Jina la wenye jasho liko mlangoni. Nyumba za Pangani nazo zina wenye jasho, ila majina yao hayapo, na pengo hilo hatuwezi kulijaza kwa kubuni. Tunachoweza ni kulitaja pengo lenyewe: kuandika mlangoni, kwa Kiswahili kilicho wazi, kwamba nyumba hii ilijengwa na watu walioletwa hapa kwa nguvu kutoka juu ya mto huu, na kwamba majina yao hayakuandikwa.

Kazi hiyo haingoji wafadhili. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye darasa la tano na alasiri moja anaweza kuianza, akiwapeleka watoto mbele ya ukuta mmoja na kuwaeleza jiwe limetoka wapi, chokaa imechomwaje, boriti imebebwa na nani. Wakiulizwa miaka hamsini baadaye, ukuta uwe umesimama au umeanguka, watakuwa na la kusema.